Kanali Alivyokwama Ghorofani

Siku ya kukabidhi nyumba mpya ya wageni ya kambi, Kanali Rusk aliingia chumba kimoja cha ghorofani kunawa mikono. Alipotaka kutoka, kitasa kikagoma.

Mhandisi Odessa Landrum alikuwa chini na wageni, akila kamba wa kukaanga. Nyumba ya zamani ilikuwa imefagiwa na kimbunga, paa lake likaokotwa kwenye uwanja wa gofu. Hii aliisanifu yeye: kuta za zege, paa lililofungwa kwa vyuma hadi kwenye msingi, vioo vya kuhimili mbao zinazorushwa na upepo. Wendell Tibbets, sajini mstaafu anayeisimamia, alimsogelea taratibu.

"Bi Mhandisi, gereza lako limepata mfungwa."

Wazima moto waliupiga mlango nyundo mpaka mikono ikafa ganzi. Wakahamia dirishani kwa ngazi. Shoka lilipotua, kioo kikapata nyufa kama utando wa buibui, kisha kikatulia mahali pake.

"Piga tena," Kanali alisema kwenye simu. "Nawaona vizuri."

"Afande, tafadhali rudi nyuma," Odessa alimsihi.

"Nirudi nyuma kwa nini? Si hakipiti kitu?"

Odessa hakujua acheke au alie. Kila pigo lililoshindwa lilimvimbisha kichwa, na papo hapo akaona kazi yake inaota mbawa.

"Basi tumpitishie chakula chini ya mlango," Wendell alisema.

"Hapapiti hata karatasi. Niliziba maji yasiingie."

"Maji uliyafikiria. Kanali je?"

Kisha Wendell akaketi kwenye vidato vya mlangoni, uso ukambadilika.

"Kimbunga kile kilinikuta kazini, kwenye nyumba ya zamani," alisema. "Nililala ndani ya hodhi la kuogea, godoro kichwani. Paa liliondoka kama mtu anavyofunua sufuria. Nikampigia mke wangu nimuage, simu haishiki." Akawatazama wazima moto wakitokwa jasho. "Waache wapige, mama. Mimi nasikia raha."

Mwishowe uliletwa msumeno wa kukatia chuma, kitasa kikatolewa vipande vipande. Kanali akatoka, kola imelowa, watu wote wakakakamaa.

"Nani amesanifu hapa?"

"Mimi, Afande."

"Jengo nimelipokea. Kitasa sikitaki hata kukiona."

Vitasa vyote vikabadilishwa, na Odessa akaamriwa avijaribu mwenyewe, chumba kwa chumba, kutokea ndani. Wendell alimfuata akisimama nje. Kwenye chumba cha kwanza kitasa kilizunguka vizuri, lakini mlango haukusogea. Odessa akasukuma kwa bega, jasho likaanza kumtoka.

"Wendell, kuna kitu kimekwama."

"Hakuna," Wendell alijibu, mgongo wake umeegemea mlango. "Nimeegemea kidogo. Miguu inaniuma."