Kompyuta ya Skrini Tatu

Kwenye skrini ya kwanza Ummi alikuwa mgonjwa wa manjano. Kwenye ya pili alikuwa kama aliyepakwa majivu. Kwenye ya tatu tu, ile ya mwisho mkono wa kushoto, ndiko alikokuwa Ummi mwenyewe, bi harusi wa Kinondo, kichwa wazi, nywele zimeshikizwa vikuba vya asumini, hina imekolea hadi viwikoni. Nilisimama mbele ya sura hizo tatu za mtu mmoja nikafurahi kama mjinga, kwa kuwa nilikuwa nimepata nilichokitafuta kwa miezi minne: kioo kisichosema uongo.

Duka la Kitsao liko Ukunda, nyuma ya maduka ya vitambaa, chumba kimoja chenye feni inayozunguka kwa hisani tu. Huuza kompyuta zilizostaafu maofisini. Huzifungua, huzipangusa vumbi, huziongezea nguvu na kuzipa maisha ya pili. Mimi na mume wangu Jaafar tulimwendea Alhamisi ile baada ya mabishano ya wiki nzima. Jaafar yuko mapokezi katika hoteli moja ya Galu, na akitoka zamu hununua na kuuza hisa. Alitaka skrini mbili, moja ya chati na moja ya bei, maana kutazama soko kwenye simu, alisema, ni kuchungulia harusi kwenye tundu la ufunguo. Mimi ni mpiga picha wa harusi. Laptopu yangu ilikuwa imezeeka, kila picha inaifungua kwa kuugua, na picha za Ummi nilikuwa nimeahidi kuzipeleka fungate likiisha. Uwezo wetu ulikuwa wa mashine moja.

Kitsao alitusikiliza wote wawili kama kadhi anayesikiliza mke na mume, kisha akatoa hukumu. Hisa hazili mashine, alisema. Hata kompyuta kuukuu itamchorea Jaafar chati zake bila kulalamika. Walaji ni picha za dada Yusra. Kwa hiyo mashine ichaguliwe kwa njaa ya picha, itafutwe skrini moja nzuri ya rangi, na zile za bei za hisa ziwe za rahisi. Akatuwekea mezani kompyuta nyeusi yenye kadi ya kubeba skrini tatu kwa pamoja, nazo akaziunganisha. Bei yake tungeiweza kwa kujibana. Hata Jaafar, anayeweza kubishana na muuza nyanya nusu saa, alinyamaza.

Adhana ya alasiri ikaadhiniwa, Jaafar akaenda msikitini. Nami nikataka kuijaribu mashine kwa kazi ninayoijua kwa moyo. Rangi ya hina ndiyo mtihani. Skrini mbovu huigeuza hina ikawa tope, na ngozi ya mtu wa pwani ikawa majivu. Picha ya mandhari ya baharini haiwezi kukuonyesha ubaya huo. Katika mkoba nilikuwa na diski ndogo yenye harusi ya Ummi, kwa sababu diski ile sikuwa nikiiacha popote, hata nyumbani kwangu.

Kwetu siku ya kupamba, bi harusi hukaa akatazamwa na wanawake, na mwanamume hapiti hata uani. Simu zote hukusanywa mlangoni zikatiwa kapuni, na mtu mzima mmoja akawekwa kulilinda kapu. Kamera inayoingia ni moja, nayo ni yangu. Ndani humo wanawake huvua mabuibui, hucheza, hujiachia, na hakuna anayenitazama kwa wasiwasi. Bi Mwanaima, mama yake Ummi, hakuniapisha wala hakunitaka nitie sahihi karatasi yoyote. Alinishika kiganja tu akaniambia nijue kwamba nywele zile hata mwenye kuoa alikuwa bado hajaziona.

Nilimwomba Kitsao asitazame. Aliinuka bila kuuliza neno, akatoka barazani, akanipa kisogo. Nikachomeka diski. Kwa kuwa nilitaka kuipima mbio mashine yenyewe, nilinakili folda nzima ndani yake, picha ishirini na sita, nikafungua moja, nikafungua nyingine, na zilifunguka kwa kasi ambayo sijaizoea. Ndipo nilipoona Ummi watatu, nikafurahi. Mara nikasikia sauti ya Jaafar akimsalimu Kitsao nje. Nilifunga kila kitu mbiombio, nikachomoa diski, nikaitia mkobani. Jaafar alisema tulale nalo jambo, kesho turudi. Kitsao akatuonya kwamba mashine kama ile haikai, ila hakutushikilia.

Ijumaa asubuhi nilikuwa nakaanga mahamri. Sikuwa nawaza kompyuta. Nilikuwa nawaza kama iliki imetosha. Ghafla mkono ukasimama juu ya karai. Nilinakili. Sikufuta. Nilizima moto nikakaa chini pale pale jikoni, na miguu ikawa baridi kwenye joto lile. Niliogopa. Si uoga wa kukemewa, huo naujua. Ulikuwa uoga wa mtu aliyeacha mlango wazi katika nyumba ambayo si yake.

Simu ya Kitsao haikupokelewa. Jaafar alikuwa amekwisha kwenda kazini, nami sikumpigia. Nilivaa buibui juu ya nguo za jikoni nikaenda Ukunda, na njia nzima nilikuwa najipa moyo kwamba mashine ipo, imezimwa, nitaifuta kwa dakika moja na hakuna atakayejua. Nilipoingia dukani meza ilikuwa tupu.

Kitsao alinieleza kwa utaratibu, akidhani nimekasirika kwa kukosa mali. Mteja alikuja saa mbili asubuhi na pesa taslimu, mzee mmoja wa Msambweni aitwaye Chirau, mwenye banda la kutazamia mpira. Alitaka skrini tatu atundike ukutani ili watu watazame mechi tatu kwa wakati mmoja. Alichukua mashine na skrini zake zote.

Nikamwambia kilichomo ndani. Sikujua nitaanzia wapi, nikasema tu kwamba kuna bi harusi mle, na hajafunikwa.

Kitsao aliketi. "Dada Yusra, mimi kila mashine huifuta kabla haijatoka," akasema. "Hii uliniambia nisitazame. Nikaona hata kuigusa ni kutazama. Nikaiacha vile ulivyoiacha."

Ningependa kumkasirikia. Heshima yake ndiyo iliyonitia shimoni, na heshima hiyo niliiomba mwenyewe. Alimpigia Chirau mara nne, na mara zote nne simu ikaita hadi ikakatika. Ilikuwa saa nne kasoro. Siku ya Ijumaa, watu wakitoka kuswali adhuhuri, banda la mpira huwa halina pa kuweka mguu.

Nilichukua bodaboda. Mwenye pikipiki alitaka mazungumzo, mimi macho yalikuwa njiani. Kila tuliyempita njiani mwenye simu mkononi nilimtazama usoni, kama kwamba picha zimekwisha kumfikia. Kichwani niliona banda limejaa vijana na wazee. Niliona skrini tatu ukutani, na Ummi wa manjano, Ummi wa majivu, na Ummi wa kweli, mkubwa kuliko mtu, akiwatabasamia wanaume kwa tabasamu aliloniachia mimi. Nilimwona Issa, mumewe, akiambiwa na rafiki kwamba mkeo tumemwona. Watu huvunja ndoa kwa mambo madogo kuliko hayo. Na mimi nani tena angenifungulia mlango? Nilijilaumu kwa kujifikiria katika msiba wa mwenzangu, lakini nilijifikiria.

Tulipofika karibu na Msambweni Jaafar alipiga. Alikuwa na furaha. Hisa zake zimepanda, amekubali ile mashine, tena anataka kumtumia Kitsao pesa sasa hivi. Nilimwambia asubiri kwanza. Aliniuliza kuna nini, nikasema hakuna. Nilishangaa jinsi uongo ulivyotoka mwepesi.

Banda lilikuwa limefungwa nusu. Ndani skrini zilikuwa zimekwisha kutundikwa, na juu ya zote tatu palitandazwa leso moja kuukuu. Mzee Chirau alikuwa ameketi kwenye benchi la mbele na tasbihi mkononi, simu imelala kando yake bila sauti. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanitazama kidogo, kisha akaelekeza macho sakafuni.

"Ndiwe mwenye zile picha," akasema.

Nikasema ndimi.

"Niliwasha nione kama inafanya kazi. Nikaona folda, nikadhani ni mambo ya dukani, nikaifungua. Akatoka mtoto wa watu. Mafundi walikuwa nje wanavuta waya, humu nilikuwa peke yangu. Nimefunga, nimefunika. Nimeona moja, mwanangu. Siwezi kukwambia sikuona."

Aliniachia banda akatoka. Niliifunua ile skrini ya mwisho tu, nikaketi na kibao cha kuchapia mapajani. Folda ilikuwepo, na picha zote ishirini na sita zilikuwemo. Nikatazama orodha ya zilizofunguliwa karibuni. Zilikuwa tatu.

Tatu. Yeye kasema moja. Mimi jana nilifungua mbili, au nilifungua tatu na yeye akarudia mojawapo? Nilijaribu kuikumbuka mikono yangu pale dukani. Nilikumbuka hina, nikakumbuka asumini, nikakumbuka furaha, hesabu sikuikumbuka. Nilizifuta picha zote, nikalifuta na pipa la takataka, nikaipitisha ile programu inayosaga mabaki hata yasirudishike. Ilichukua muda, na muda wote huo niliwaza jambo moja. Picha ikinakiliwa hakuna alama inayobaki. Mtu angeweza kuzichukua zote kwa kijidude kidogo kuliko kidole, akaziacha zilivyo, na mimi nisingejua leo wala kesho wala mwaka wa kumi.

Nilipotoka nilimwomba mzee Chirau aniapie.

Hakukasirika. Aliizungusha tasbihi punje mbili tatu. "Nikuapie nini? Muongo naye huapa," akasema. "Nilichokiona nimekwambia. Sasa amini au usiamini, mimi sina cha kukuongezea."

Nilimshukuru nikaondoka. Pikipiki ilipokuwa ikirudi kaskazini ndipo nilipohisi baridi ile ya jikoni imenirudia, safari hii kifuani. Miaka tisa nimekuwa nikiingia nyumba za watu nikitoka na nywele za binti zao mfukoni, na akina mama wale wote walilala usingizi kwa neno langu peke yake. Sikuwahi kujiuliza usingizi huo una ladha gani. Sasa nililazimika kulala kwa neno la mzee nisiyemjua, na nilikuwa nimelikuta chungu.

Ningeweza kwenda moja kwa moja nyumbani. Picha zimefutwa, Kitsao hatasema, Chirau hajui jina la ukoo wala mtaa. Nililiwaza hilo kwa kirefu, na sitajifanya kwamba halikunipendeza. Lakini tulipofika njia panda ya Kinondo nilimgusa dereva begani nikamwambia akate kulia.

Bi Mwanaima alikuwa uani anapepeta mchele. Alinikaribisha kwa bashasha, akaniuliza kama nimekuja na picha kabla ya siku. Niliketi kwenye mkeka mbele yake nikamweleza yote, tangu duka la Kitsao hadi orodha ile ya picha tatu. Sikupunguza kitu. Ungo ulisimama mapajani mwake tangu neno la pili.

Nilipomaliza, aliuliza kitu kimoja tu.

"Huyo mzee, umemwamini?"

Nilitaka kusema ndiyo. Ndiyo ingempunguzia mzigo, na ingenipunguzia mimi. "Nataka kumwamini," nikasema. "Sijui."

Aliuweka ungo kando. Nilingoja matusi, nilingoja kilio, nilingoja aniambie niondoke nisimwone tena mlangoni mwake. Badala yake alianza kutoa chuya moja moja kwenye mchele kwa kidole. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba angekuwa yeye mwenye nywele angenijibu, ila nywele si zake. Mwenyewe yumo ndani na mumewe. Fungate lina siku ya sita leo.

Wakati huo huo pazia la mlango likafunuka, Issa akatoka na birika la udhu mkononi, kanzu imepigwa pasi tayari kwa sala ya Ijumaa. Aliponiona akacheka kwa haya ya bwana harusi.

"Dada Yusra, karibu. Picha zetu vipi? Ummi amenikatalia hata kunisimulia. Anasema zimeonwa na macho yako tu, na mimi ningoje zamu yangu."

Bi Mwanaima hakuinua uso kutoka kwenye mchele. Hakunisaidia, wala hakunizuia.

"Karibu zitakuwa tayari," nilimwambia Issa, na sauti yangu ikanishangaza kwa utulivu wake. "Lakini leo nina neno na Ummi. Naomba uniitie, kisha utuache."

Tabasamu likampungua. Alinitazama mimi, akamtazama mkwewe, akaliweka birika chini. Akarudi mlangoni akaita kwa upole, mara moja, jina la mkewe.

Ndani Ummi akaitika. Nilisikia akicheka kwa jambo fulani, nikasikia akitafuta viatu, kisha nikasikia kandambili zake zikija kwenye ukumbi, pole pole, bila haraka yoyote. Sijapata kuogopa hatua za mtu kama nilivyoziogopa zile.