Panya wa Kizimba cha Tisa

"Leo saa kumi jioni uvifunge vizimba vyote tisa," Profesa alisema bila kuinua macho kwenye karatasi zake. "Utafiti huu tunausitisha."

Mzee wa Panya, kama walivyozoea kumwita, alisimama na ndoo ya maranda mkononi. Alijua maana ya kufunga vizimba. Kwa miaka kumi na tisa ni yeye aliyewabeba panya wa majaribio kwenda chumba kile cha mwisho, wanakouawa, na kila mara chakula cha jioni kilimshinda.

Daktari, binti mwembamba aliyeongoza utafiti, aliketi kando, macho mekundu. Ndiye aliyemweleza mzee habari za dawa nyeusi.

"Ni kaboni, mzee, ndugu yake masizi," alimwambia siku ile. "Tumeitengeneza iwe vijibomba ambavyo jicho halivioni. Tunavipakia dawa ya saratani, vinasafiri kwenye damu mpaka kwenye uvimbe, ndipo vinashusha."

"Kumbe ni wachukuzi!"

"Wachukuzi wasiomwaga mzigo njiani."

Mzee alicheka, kisha akamkumbuka dada yake aliyekufa kwa saratani. Dawa ilimpitia marehemu mwili mzima. Ilimnyonyoa nywele, ikamtia vidonda mdomoni, hata maji akawa anayaogopa.

"Uzito wa panya haujapanda hata gramu moja," Profesa aliendelea. "Mizani haina upendeleo."

Mzee wa Panya alikohoa. Hakuwa na mazoea ya kufungua kinywa mbele ya wakubwa.

"Niwie radhi, Profesa. Hawa wa kizimba cha tisa, wanaopewa dawa nyeusi, wamejenga."

"Wamejenga nini?"

"Kiota. Kila asubuhi nawawekea karatasi laini. Panya mgonjwa haigusi, anajikunyata tu pembeni, hata ukimpa ya dhahabu. Wiki tatu nzima nilikuwa naitoa kama nilivyoiweka. Jana nikakuta wameichanachana. Leo wameisuka mpaka ina kuta."

Profesa alivua miwani. "Hilo halimo kwenye daftari."

"Daftari halina mahali pa kuliandika, Profesa."

Daktari alikwisha kuinuka. Wakaongozana wote watatu hadi chumba cha panya. Profesa akainama mbele ya kizimba cha tisa, akakaa hivyo muda mrefu kuliko mgongo wake ulivyopenda.

"Jumatatu tutawapima tena," alisema hatimaye. "Siku tatu, basi."

Jumamosi na Jumapili zilikuwa siku zake za mapumziko, lakini mzee alikwenda. Mkewe akamwuliza kama ameongeza mke huko kazini.

"Tena ana mkia," alijibu, akafunga kamba za viatu.

Jumatatu asubuhi Daktari alisimama karibu na mizani, kalamu mkononi. Mzee alifungua kizimba, akaingiza mkono taratibu, kama alivyozoea kuwashika wale wasio na nguvu ya kukimbia. Panya wa kwanza akamponyoka. Akamfuata kwenye kona, akamponyoka tena, na alipomkamata mara ya tatu, yule panya akageuka akamng'ata kidole mpaka glavu ikatoboka.

"Umeumia, mzee?"

Damu ilikuwa ikitanda ndani ya glavu, yenye joto. Panya bado aling'ang'ania kidole, miguu ya nyuma ikimsukuma kiganja, wala mzee hakuwa na haraka ya kumbandua.