Mashuka Yalifuliwa na Maji Gani?

Bi Mkunjo alikuwa na kitambaa cha meza cha saba chini ya pasi wifi yake aliposukuma mlango kwa nyonga, karai la foronya mbichi mikononi.

"Wifi, bado uko hapa? Si leo ndiyo siku ya mwandishi wako?"

"Ndiyo leo. Lakini maoni yangu hayamo."

Alipitisha pasi hadi kwenye pindo, akakunja, akakunja tena. Mikunjo ndiyo iliyompa jina. Wafanyakazi wa hoteli walisema ukiiwekea rula, rula ndiyo itakayoonekana imepinda.

Miezi mitatu nyuma, kikundi cha wasomaji cha maktaba kilichagua riwaya kuhusu wageni waliokwama hotelini siku kumi na moja, mji ukiwaka ghasia. Mwandishi alikuwa mgeni aliyewahi kuishi mjini hapo, na hoteli ya kitabuni ilikuwa hii hii; ghasia zile zilitokea kweli, naye alikuwemo. Kila msomaji aliandika maoni yake. Mwenyekiti wa kikundi, mwalimu mstaafu, angechagua matatu yasomwe mbele ya mwandishi.

Bi Mkunjo aliacha shule darasa la nne. Kusoma alijifunza mwenyewe, kwa magazeti ya kutandika kwenye rafu za mashuka. Riwaya ile aliisoma mara tatu. Mara ya kwanza alilia kama wenzake. Mara ya pili alikwama kwenye ukurasa mmoja. Mara ya tatu alishika penseli, akawa anahesabu siku tu. Kitabu chenyewe kilisema maji na umeme vilikatika siku ya tatu. Wageni wakawa wananawa uso kwa kikombe. Na bado, hadi siku ya kumi na moja, kila asubuhi walistaajabia mashuka "meupe, yaliyotoka kufuliwa".

Hakukimbilia kusema mwandishi kadanganya. Alijua tu kwamba siku zile yeye mwenyewe alikuwa ndani ya chumba hiki cha pasi, pamoja na wanawake watano, na mkubwa wao alikuwa mama mkwe wake, ambaye sasa ni marehemu. Akaandika kurasa mbili. Mwalimu alizisoma, akamrudishia kwa upole.

"Dada, tunatafuta maoni juu ya dhamira. Haya ni mambo ya udobi."

Aliposikia kwamba maoni yalirudishwa, wifi yake alitua karai chini kwa kishindo.

"Mama yangu alilala sakafuni hapa siku zote zile, na kitabuni hayumo hata kwa mstari mmoja. Usiposema leo, mashuka yatabaki yamejifua yenyewe. Mdomo umepewa wa kupulizia mkaa tu?"

"Nimebakiza vitambaa vitano."

"Havina miguu. Twende!"

Ukumbi wa maktaba ulikuwa umejaa hadi dirishani. Mwandishi, mama mwenye mvi, alizungumza lugha yao taratibu, kama mtu anayevuka utelezi. Maoni matatu yakasomwa. Msomaji wa kwanza alisema weupe wa mashuka ni usahaulifu wa wageni. Wa pili akasema ni matumaini ya taifa. Wa tatu, kijana wa benki, akasema ni sanda. Bi Mkunjo alimsikiliza huyo kwa makini, akaona si haba.

"Kuna mwingine?" mwandishi akauliza.

"Muda, mama, muda umetutupa mkono," Mwalimu akaanza.

"Yupo!" wifi akapaza sauti, huku kiwiko chake kikimwinua Bi Mkunjo kitini.

Alishika mgongo wa kiti cha mbele.

"Mimi nauliza tu, mama. Ukurasa wa sabini maji yamekatika. Ukurasa wa mia na kumi na mbili mashuka yametoka kufuliwa. Yalifuliwa na maji gani?"

Mwandishi alifungua kitabu chake, akasoma, akarudi nyuma, akasoma tena.

"Sijui," akasema. "Mimi nilikuwa ghorofa ya pili. Nilikuta tu kitanda kimenyooka."

"Hayakufuliwa. Shuka la juu tulilishusha chini, la chini tukaligeuza, likawa la juu. Tukanyunyiza maji kidogo, kikombe kimoja kwa vitanda sita, tukapiga pasi ya mkaa hapo hapo juu ya godoro. Wazo la mama mkwe wangu. Alisema wageni wakiona shuka limenyooka, watalala, na wakilala hawatatoka barabarani wakauawe. Kwa hiyo siku nane, mama, umelalia jasho lako mwenyewe."

Mtu wa nyuma akapaliwa na kicheko. Mwandishi alikuwa ameshika shavu.

"Mlinyunyiza kwa kutumia nini? Kwa mkono?"

"Kwa mdomo. Lakini tulisukutua kwanza."

Ukumbi ukapasuka. Kijana wa benki alipiga meza. Mwandishi alicheka hadi akavua miwani, na alipoivaa tena uso wake ulikuwa mwingine.

"Miaka yote wasomaji wananiandikia kuhusu weupe ule. Hakuna aliyeuliza maji. Nami nililala pale, sikuuliza." Akainama mbele. "Kitabu kinachapwa upya mwakani. Nataka kiwe na sura ya mwisho, siku zile kumi na moja kutoka chumba cha pasi, kwa maneno yako wewe, na chini yake liandikwe jina lako. Utaniandikia?"

"Nitafikiri kwanza..."

"Amekubali!" wifi akasema.

Wa kwanza kusimama kupiga makofi alikuwa Mwalimu. Makofi yalipotulia alikuja hadi kwenye kiti cha Bi Mkunjo, mikono nyuma.

"Dada, zile kurasa mbili nilizokurudishia. Naziomba tena, nizisome vizuri safari hii."

"Nitakupa, Mwalimu. Lakini uzirudishe bila mikunjo."

Alasiri ile wifi ndiye aliyeshika pasi. Bi Mkunjo aliketi kwenye ncha ya meza ile ile, daftari mbele yake, rula pembeni, akiandika herufi moja moja kama anayeshona kifungo. Siku ya kwanza. Ya pili. Siku ya tatu mama mkwe aliingia, akafungua bomba, akalisikiliza likikoroma, akasema, "Haya, wanangu, sasa tutaona nani dobi." Wifi aliposomewa maneno hayo aliacha pasi hewani.

"Ndivyo alivyokuwa! Hivyo hivyo! Haya, na mkaa ulipoisha mlifanyaje?"

"Huo uliisha siku ya tano. Mimi niko ya nne."

Mlinzi aligonga mlango, anataka kufunga. Vitambaa viwili vilikuwa vimebaki mezani. Bi Mkunjo alichomoa pasi ukutani, akapiga mstari kwa rula chini ya siku ya nne, akaandika "Siku ya tano", halafu akafungia penseli ndani ya daftari, pale pale kwenye ukurasa mtupu.