Mahakama ya Ndoto katika Nchi ya Dhahiria

Nyuma ya Milima ya Usiulize, mahali ambapo Mto Geresha hupita ukimeremeta juu na kuchafuka chini, palikuwa na nchi iliyoitwa Dhahiria. Watu wake walikuwa nadhifu kupita kiasi. Kuta zao zilipakwa chokaa kila mwezi, kanzu zao zilipigwa pasi hadi zikakaribia kusimama zenyewe, na nyuso zao zilibeba tabasamu moja, lilelile, ambalo mtoto alifundishwa kabla hajafundishwa kutembea. Kulia hadharani kulikuwa kosa, na kuogopa kulikuwa kosa kubwa zaidi. Na kwa kuwa wakubwa wa nchi walijua kwamba mtu anayeifunga nafsi yake mchana kutwa huifungulia usingizini, walitunga sheria ya kumfuata mpaka huko.

Kila asubuhi, kabla ya uji, raia wote waliotimiza miaka saba walipanga foleni mbele ya Ukumbi wa Ruya, wakaingia mmoja mmoja katikati ya moshi wa ubani, wakasimulia walichokiota. Aliyewasikiliza alikuwa Mtabiri Mkuu, Bwana Yakini, mtu wa kilemba kirefu na elimu isiyopata kuguswa na shaka hata siku moja. Mkononi alishika Waraka wa Tafsiri, na Waraka ulikuwa umekwisha kukata shauri. Aliyeota anaanguka kutoka juu alitamani utawala uanguke. Aliyeota meno yanamdondoka alimwombea mkubwa wake kifo. Aliyeota yu uchi sokoni hakuwa na haya, aliyeota amechelewa mtihani alikuwa mvivu wa kuitumikia nchi, na aliyeota anafukuzwa alikuwa na hatia, kwani asiye na hatia angekimbia nini?

Swali moja tu halikuwamo katika Waraka ule, wala halikupata kuulizwa ukumbini tangu ujengwe: wewe uliyeota, ulijisikiaje? Upumbavu ulioje huu! Mtu analetewa moyo wa mwenzake ungali unadunda, naye anaugeuzageuza akitafuta maandishi. Bubu angesema kwa ishara angeeleweka upesi kuliko raia wa Dhahiria aliyesema kwa ndoto zake.

Basi watu wakajifunza kuongopa. Ndoto moja tu haikuwa na adhabu, nayo ni ndoto ya maji matulivu, na kwa hiyo mji mzima, wajane kwa maharusi, wagonjwa kwa wazima, uliota maji matulivu kila uchao. Bwana Yakini aliyasikia maji yale mara elfu kwa siku, akaitikia kwa kichwa, akaamini kwamba anatawala watu wenye furaha.

Katika mji huo aliishi Bi Hamaki, mshona kanzu, mwanamke mpole kuliko jina lake, pamoja na binti yake wa pekee aliyeitwa Bayana. Mwaka Bayana alipokaribia kutimiza miaka saba, mama yake alimkalisha kila jioni na kumfundisha maneno ya kusema. Alimfundisha kwa upole, kisha kwa ukali, kisha kwa kumfinya. Lakini kuna watoto ambao uongo haukai vinywani mwao, na Bayana alikuwa mmoja wao. Asubuhi yake ya kwanza ukumbini aliutazama moshi, akamtazama Bwana Yakini, kisha akasema kwa sauti iliyosikika mpaka nje:

"Nimeota kuna kitu kinanifukuza. Hakina uso. Mimi nakimbia, lakini miguu haiendi."

Bi Hamaki aliyasikia akiwa nje kwenye foleni. Alijua adhabu yake. Mtoto wa namna hiyo alipelekwa Nyumba ya Adabu, asionane na mzazi wake mpaka aote kama wenzake, na watoto waliotoka humo walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Hukumu ilisomwa adhuhuri ileile uwanjani. Kwa desturi ya Dhahiria, hukumu ya mtoto haikutimia mpaka jirani wa ukuta mmoja asimame mbele ya umma na kuitikia, "Imesadifu." Na kwa desturi hiyohiyo, mzazi alipewa nafasi ya kumwambia mwanawe neno moja la kuaga. Wazazi wengi walitumia nafasi hiyo kuwahimiza watoto wao watabasamu.

"Muage mwanao, Bi Hamaki," alisema Bwana Yakini, "na uifurahie rehema ya nchi, inayokuondolea mzigo wa kulea hatia."

Hapo ndipo hasira ilipompanda mwanamke yule. Haikumpanda kwa ghafla. Ilikuwa imerundikana kifuani mwake miaka thelathini, asubuhi baada ya asubuhi, nayo ilimwelekea yeye mwenyewe kabla ya kumwelekea mtu mwingine yeyote, kwa sababu ya kidole gumba chake kilichoacha alama ya bluu katika mkono wa mtoto. Akapiga magoti mbele ya binti yake.

"Bayana, mama. Kitu kile kilipokufukuza, ulisikia nini moyoni?"

Umma ukashtuka. Bayana akafikiri, kwa maana alikuwa hajaulizwa hivyo maishani mwake.

"Niliogopa. Nilitaka kukuita, lakini nikaona utanikasirikia."

"Na hakikuwa na uso?"

"Hakikuwa nao. Ila kilinukia, mama. Kilinukia ubani."

Wote uwanjani wakageuka kumtazama Bwana Yakini, ambaye kilemba chake, kanzu yake na ndevu zake zilinukia ubani tangu alfajiri. Mtabiri Mkuu akaufunua Waraka kwa haraka, akapindua kurasa mbele na nyuma, jasho likimtoka.

"Harufu," alisema hatimaye, "haimo katika Waraka. Kwa hiyo mtoto hakuinusa."

"Bwana Mtabiri," alisema Bi Hamaki, "mwanangu hana hatia. Mwanangu anakuogopa wewe. Tena ananiogopa mimi, na hilo ndilo linaloniua. Ndoto yake imetwambia mambo mawili ya kweli, na wewe uliyesoma miaka arobaini hukuliona hata moja. Kazi yako ni ipi hasa?"

"Jirani!" alipaaza sauti Bwana Yakini. "Jirani wa ukuta mmoja na asimame, aitikie!"

Akasimama Bi Stahamili. Watu wakainamisha macho, maana walijua habari ya nyumba zile mbili. Miaka miwili iliyopita, mwana wa Bi Stahamili, aliyeitwa Taraji, aliota anaanguka kisimani asifike chini, akahukumiwa, na jirani aliyesimama siku ile na kusema "Imesadifu" alikuwa Bi Hamaki. Tangu hapo wanawake wale waliamkiana kwa tabasamu kila asubuhi, wala hakuna aliyevuka kizingiti cha mwenzake. Leo zamu imegeuka. Bi Hamaki aliona kila kitu kimekwisha, na hakuona haki yoyote ya kulalamika.

Bi Stahamili hakumtazama Mtabiri. Alimtazama jirani yake.

"Mama Bayana, nina swali langu. Usiku wa siku ile mliyomchukua Taraji, wewe uliota nini?"

Kulijibu swali lile kwa kweli kulikuwa kujihukumu. Bi Hamaki akasimama wima.

"Niliota meno yangu yote yamenidondokea kiganjani. Nikataka kupiga kelele, kinywa kikawa kitupu. Nimeota hivyo kila usiku tangu siku ile, Mama Taraji, na simwombei mtu kifo. Naona aibu. Nilikuwa na kinywa, nikakitumia kumwangamiza mwanao."

"Amekiri!" alisema Bwana Yakini. "Mmesikia, amekiri! Jirani, itikia!"

"Sitaitikia," alisema Bi Stahamili, na machozi yalikuwa yakimtiririka hadharani wala hakuyafuta. "Nimesubiri miaka miwili mtu aniambie kwamba alilala vibaya."

Waraka haukuwa na neno lolote kuhusu jirani aliyekataa. Askari waliokuwa wakilinda uwanja waliutazama, wakamtazama Bwana Yakini, wakatazamana, na katika kutazamana kwao Bi Hamaki alimshika binti yake mkono na kuondoka. Hakuelekea nyumbani. Alipita kichochoro cha Nyumba ya Adabu, Bi Stahamili akiwa ubavuni pake, na nyuma yao umati uliokuwa ukinung'unika kwa sauti ambayo Dhahiria ilikuwa haijaisikia.

"Mna hati gani?" aliuliza mlinzi langoni.

"Fungua lango," alisema Bi Hamaki, "kabla hawa walio nyuma yangu hawajakufungulia."

Akafungua. Wakaletewa Taraji, amerefuka, amekonda, nywele zimechanwa vizuri. Bi Stahamili akapiga magoti mbele yake.

"Mwanangu, unaogopa?"

Mtoto alimtazama kwanza mlinzi, ili ajue jibu lipi linaruhusiwa.

Bi Stahamili akamshika mashavu kwa mikono miwili, akaugeuza uso wake taratibu mpaka ukamwelekea yeye, akauliza tena.