Shikamoo ya Mlangoni pa Jiko

Siku tuliyomzika mume wangu Aniceti, bomba lilipasuka karibu na turubai la msiba, na watu watatu wakasema kwa pamoja, "Mwiteni Aniceti."

Alikuwa fundi bomba hapa Maisaka kwa miaka thelathini, na hakuchora ramani hata moja. Ila kila alipovuka mahali penye bomba chini ya ardhi, alilisalimia. Lile alilolilaza mwenyewe aliliambia, "Hujambo, mwanangu?" Lile lililofukiwa na mafundi wa kabla yake aliliamkia, "Shikamoo." Nilikuwa naona aibu, hasa tukiwa njiani kwenda kanisani.

Mwaka huu chumba anacholala mtoto mchanga wa jirani yangu Ritha, kinachopakana na jiko, kilianza kunuka petroli. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kituo cha mafuta kilichofungwa zamani. Akaja mtaalamu wa mazingira, Edward, na kifaa cha kupima hewa. Akatueleza kwamba mvuke wa petroli iliyovuja ardhini hupita kwenye mchanga uliofukiwa kando ya mabomba, ukaingia ndani kwa nyufa za sakafu.

"Mtoto asilale humu mpaka tujue unapitia wapi."

Ritha akahamia kwangu na mwanawe.

Edward alichimba mbele ya nyumba, kwenye bomba lililokuwa katika mchoro wake. Kifaa kimya.

"Hapa nimekwama," akasema.

"Hilo ni hujambo," nikamwambia. "Shikamoo iko nyuma, mlangoni pa jiko."

Edward akamgeukia Ritha, akanong'ona, "Huyu mama ni mzima?"

"Mama Edda mzima kabisa. Marehemu ndiye aliyekuwa hivyo."

Nikamweleza. Alicheka, lakini akachimba. Futi tatu chini akakuta bomba kuukuu la chuma lisilokuwemo kwenye mchoro wowote, na kifaa kikalia kama mbuzi aliyefungiwa.

Edward akavua kofia. "Shikamoo," akaliambia bomba.

Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba, kisha nikaingia jikoni kwa Ritha kujifuta uso.

Bomba limekatwa, mtaro umezibwa kwa udongo wa mfinyanzi, na vipimo viwili vimetoka safi. Mtoto amerudi chumbani kwake. Nikipita mlango ule nasema shikamoo, na Ritha, niliyemzidi miaka ishirini, huitikia marahaba kutoka ndani.