Kutu kwenye Madigadi

Ambrosi hakuzaliwa mwoga. Woga aliutafuta mwenyewe, Jumapili ile alipochukua gari la Bwana, mwajiri wake, bila ruhusa ili wakwe zake wa Mwamkulu wamwone akishuka nalo mlangoni. Walimwona, wakapiga na vigelegele. Wakati wa kurudi akavamia kisiki, madigadi ya kushoto, bati la juu ya gurudumu, ikabonyea kama sufuria iliyokanyagwa na ng'ombe.

Bwana alikuwa mzungu wa migodini, amesafiri kwenda Tabora. Kabla ya kuondoka alisema jambo moja tu: gari likitoka, dereva naye atatoka. Nyumba yenyewe aliyolala Ambrosi ilikuwa ya Bwana, ya kazi, na Bibiana, mkewe, alikuwa na mimba ya miezi minane.

Ambrosi akaliingiza gari uani, akaigonga madigadi kwa nyundo ya mti, akapiga msasa mpaka bati likabaki jeupe. Kunyoosha aliweza. Rangi ndiyo hakuwa nayo, na Mustapha mwenye duka akamwagizia kopo moja la kijivu, lije kwa treni ya Alhamisi.

"Masika haya, ndugu yangu, bati tupu halimalizi siku mbili bila kushika kutu," Mustapha alimwonya. "Lipake grisi, ulifunike. Siku ya rangi ulifute kwa petroli, na maji yasiliguse hata tone. Ukipaka rangi juu ya kutu itabambuka tu, na siri yako nje."

Kila mvua ilipopiga bati la nyumba alitoka mbio kushika turubai. Bibiana, ambaye hakuambiwa habari ya kutu, alimwona anavyohangaika, roho ikamuuma.

Alhamisi asubuhi Ambrosi alifuta grisi yote, akakimbia stesheni. Treni ikachelewa mpaka alasiri. Ilipofika, likashuka kopo la rangi, na nyuma yake akashuka Bwana, wiki nzima kabla ya siku yake.

"Gari liko wapi?"

"Kwangu, Bwana."

Walikwenda kwa miguu. Karibu na ua Bwana alibaki nyuma akiwasha kiko, Ambrosi akatangulia. Bibiana akampokea kwa furaha, chupa mkononi.

"Usiogope tena, mume wangu! Nimelinyunyizia maji ya baraka ya misheni, mara tatu tangu asubuhi."

Maji hayo padri huyatia chumvi. Bati zima lilikuwa limelowa, limejaa madoa mekundu ya kutu. Bibiana akamwona mzungu anaingia, akakimbilia ndani kumtafutia mgeni kiti.

Bwana aliinama, akapitisha kidole kwenye madigadi.

"Umenyoosha vizuri. Fundi kama wewe mimi sifukuzi," alisema. "Lakini aliyemwagia maji chuma kitupu, huyo halali kwenye nyumba yangu hata usiku wa leo. Nani?"

Ambrosi alitazama mlango. Ndani, Bibiana alikuwa akiburuta kiti huku akihema kwa uzito wa tumbo.

"Mimi, Bwana."

Bwana alinyoosha mkono, akapewa ufunguo. Gari lilikuwa limeshapita kona Bibiana alipotoka na kiti.

"Ameondoka mara hii? Kwa hiyo maji yamesaidia?"

"Yamesaidia, mke wangu," Ambrosi alisema. "Anza kufunga vyombo."