Riyama Asikoshwe kwa Chumvi

Watu wa Mtondooni wana adabu, na adabu yao ndiyo iliyowatia kiu. Akitokea mtu kukwambia kuwa adabu haijapata kumdhuru binadamu, mchukue umpitishe Kiwengwa, mpande juu kidogo kwa njia ya pwani, umwonyeshe bomba lililokuwa limefungwa utepe.

Bomba lenyewe zuri, halina kasoro. Lina sakafu ya saruji, koki nne zinazong'ara, na nyuma yake kibanda cha pampu chenye mlango wa chuma na kufuli kubwa la shaba. Utepe mwekundu ulikuwa umezungushwa koki zote nne. Kila Ijumaa wanakijiji walifagia pale na kuyapaka chokaa mawe ya pembeni. Banda la makuti la kumkalisha mgeni rasmi liling'olewa na upepo, wakaliezeka upya. Miezi saba walifanya hivyo. Maji yalikuwa hayatoki kwa sababu mradi haujafunguliwa, mradi haujafunguliwa kwa sababu mgeni rasmi hajaja, na mgeni rasmi hajaja kwa sababu ana shughuli nyingi. Hakuna kilichoharibika, hakuna kilichopungua. Kisima chao cha zamani kilizibwa kwa zege siku ya kwanza ya mradi. Waliambiwa maji yake si salama na kwamba mapya yako njiani.

Basi wakawa wanachimba mashimo mchangani, nyuma ya minazi, na kuchota maji ambayo ni ndugu wa bahari baba mmoja mama mmoja.

Biasha, mkosha maiti wa kijiji, alikuwa akipita mbele ya bomba lile kila siku na kila siku akilitukana kimoyomoyo. Hakuwahi kulitukana kwa sauti. Mwenyekiti wa kamati ya maji alikuwa Simai, mdogo wake wa tumbo moja, naye hakutaka kumwaibisha nduguye. Adabu na yeye ilikuwa imempata.

Ikamtoka asubuhi aliyokufa Riyama.

Riyama alikuwa shoga yake tangu walipokuwa wakicheza mdako. Alikuwa mkulima wa mwani. Ujana wake na uzee wake aliushinda ndani ya maji ya pwani, yamemfika mapajani, anapiga vijiti mchangani kwa mtaimbo, anafunga kamba, anavuna, anafunga tena. Vidole vilichanika, kucha zikaliwa, miguu ikafanya mabaka meupe. Na tangu kisima kizibwe, akirudi nyumbani alijisuuza chumvi kwa maji ya chumvi. Daktari wa kituo cha afya alimwambia ana presha na kwamba apunguze chumvi. Riyama alicheka mpaka akakaa chini.

"Daktari, chumvi ya mchuzi nitaiwacha," alisema. "Hii ya maji nitaiwachaje?"

Daktari akamwandikia vidonge. Na vidonge vyenyewe Riyama alivimeza kwa maji yale yale. Alfajiri hiyo aliinuka kwenda kutawadha, akaanguka kizingitini, asiseme neno tena.

Sasa Biasha alikuwa amesimama uani kwa marehemu. Kitanda cha kukoshea kilishatandikwa, pazia la khanga limezungushwa, majani ya mkunazi yamepondwa, karafuu maiti iko kwenye kibakuli. Mwatum, binti wa Riyama, macho yamemvimba, alileta ndoo mbili akazitua.

"Maji hayo, Bi Biasha."

Biasha alichovya kidole, akakitia mdomoni. Akatema.

"Haya ya shimoni."

"Majirani wote wana hayo hayo. Boza la maji halijapita tangu wiki iliyopita. Hotelini nshatuma mtu, mlinzi kasema mpaka meneja aruhusu, na meneja kaenda mjini."

Biasha alikuwa amepita nyuma ya ua wa hoteli hiyo muda si mrefu. Nyasi zilikuwa zinaogeshwa. Mipira ilikuwa ikizunguka na kurusha maji huku na huku, nyasi zinaoga kabla ya maiti. Akazisogeza pembeni zile ndoo mbili.

Maana kulikuwa na wasia. Siku mafundi walipoijaribu pampu, kabla hawajaifunga, koki zote nne zilitoa maji kwa muda wa kupika chai. Riyama alikinga kiganja, akanywa, akafumba macho. "Matamu," alisema. Kisha akamshika Biasha mkono mbele ya watu. "Nikitangulia mimi, unikoshe kwa haya. Usije ukanikosha kwa chumvi, Biasha. Chumvi ishanila nikiwa hai, isinile na maiti yangu." Biasha alimfanyia utani kuwa roho yake ya paka, atawazika wote. Lakini alimwitikia, na wasia ukiitikiwa umeitikiwa.

Sheikh Khatib, imamu wa msikiti wao, aliitwa akasimama nje ya mlango wa ua, akainamisha uso.

"Bi Biasha, maji ya bahari ni twahara. Sharia haina uzito hapo. Tukisali adhuhuri tunazika."

"Sharia siibishii, sheikh. Ingekuwa hakuna maji mengine, ningekwenda kuyateka pwani mwenyewe nikamkosha huku nnalia. Lakini yapo. Yapo pale, yamefungwa utepe kama zawadi ya harusi. Wasia unaowezekana unaachwa?"

Sheikh Khatib alikuwa mtu wa haki, na siku hiyo haki ilikuwa inamsumbua.

"Hauachwi," alisema. "Basi una mpaka adhuhuri."

Biasha alimkuta Simai chini ya turubai la wanaume, anapanga viti. Hakumsalimu.

"Ufunguo."

"Dada, ufunguo sina. Unajua kama anao Bwana Mahfoudh, mjini."

"Mpigie."

"Dada, leo kuna msiba, tusianze—"

"Mpigie, Simai, au nikupigie kelele hapa mbele ya wazee wazima."

Simai akapiga, Biasha akaichukua simu. Mahfoudh alikuwa ndiye bwana mradi, kijana msomi, mpole, mwenye sauti ya kubembeleza. Nyuma yake zilisikika sahani na vijiko.

"Shikamoo, Bi Biasha."

"Marahaba. Uko wapi?"

"Niko Mbweni, kwenye semina. Tunajadili uendelevu wa mifumo ya maji vijijini. Ngoja nitoke nje nikusikie vizuri."

Biasha alimweleza: Riyama amefariki, ana wasia wake, kufuli lifunguliwe apate maji ya kumkosha, kisha walifunge tena wakitaka.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Poleni sana, Bi Biasha. Poleni sana. Lakini unajua, mradi haujakabidhiwa. Yakitoka maji kabla ya mgeni rasmi tutaonekana hatuna utaratibu. Hili ni jambo la itifaki. Nawaomba mvumilie kidogo tu, tarehe inakaribia."

"Maiti avumilie?"

"Sijasema hivyo, Bi Biasha."

"Umesema. Kula chakula chako, mwanangu, kisipoe."

Alimrudishia Simai simu yake. Hakwenda moja kwa moja bombani. Alirudi uani kwa Riyama, akapita kwenye kona palipoegemezwa zana za mwani, akaushika ule mtaimbo, mzito, umeliwa na kutu, mpini wake laini kwa miaka ya viganja vya mwenyewe. Wanawake waliokuwa wakisoma Yasini ndani walimwona akitoka nao. Mmoja akanyamaza, wa pili akanyamaza. Mwatum alimfuata. Kisha wakamfuata wote, na ndoo zao.

Simai aliwahi kufika. Alisimama mbele ya mlango wa kibanda, mikono ameitanua.

"Dada, utanifungisha! Mimi ndiye niliyetia saini."

"Ondoka."

"Tumengoja miezi yote hii, tushindwe na siku chache? Watasemaje? Watasema watu wa Mtondooni hawana subira, hawana heshima, hawafai kupewa kitu. Na mradi mwingine hatupewi! Wenyewe wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone."

Hapo Biasha akapandisha. Sauti aliyoitoa haikuwahi kusikika Mtondooni, na wazee walioisikia waliinuka vitini.

"Mwenyeji keshakufa, Simai! Keshakufa! Kalala pale kafunikwa khanga, anangoja kukoshwa! Mgeni gani huyo anayekuja mwenyeji akishazikwa? Mmefagia, mmepaka mawe chokaa, mmeezeka banda, na mtu anakunywa chumvi nyuma ya banda! Daktari kamwambia apunguze chumvi, na dawa yake iko hapa, nyuma ya mgongo wako, na wewe unailinda! Unamlinda nani? Na mimi nimo! Mimi nimepita hapa kila siku nikafunga mdomo wangu ili usiaibike wewe. Aibu iko wapi sasa? Itazame aibu. Mwatum, njoo mbele mjomba wako akutazame."

Mwatum alisogea. Alishika ndoo tupu kwa mikono miwili, na Simai, aliyemjua tangu anabebwa mgongoni, hakuweza kumtazama. Mikono yake ikashuka. Akasogea pembeni.

Biasha alipitisha mtaimbo ndani ya pete ya kufuli, akaukandamiza kwa uzito wake wote. Halikukatika. Akaukandamiza tena, na mkono mwingine ukaja juu ya wake, na mwingine. Alipogeuka alimwona Simai analia, anasukuma. Kufuli likakatika.

Ndani kulikuwa na vumbi, bomba la chuma, na kitufe cha kijani kwenye ukuta. Hapakuwa na kingine. Biasha alikibonyeza kwa kidole kile kile alichoonjea maji. Pampu ikanguruma. Nje mtu alikuwa ameshaufyeka utepe kwa panga. Koki zikakohoa, zikatema kutu, zikatema hewa, kisha yakatoka. Yalitoka mekundu, yakawa meupe, yakawa maji.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Siku mafundi walipojaribu walishangilia mpaka watoto wakalowana. Leo walisimama wakitazama maji yakimwagika juu ya saruji waliyoifagia wenyewe kila Ijumaa, na kila mmoja akaelewa jambo moja, kwamba lilikuwa jambo la kidole. Miezi saba, kidole. Mzee aliyekuwa na kazi ya kupaka chokaa aliokota jiwe moja jeupe, akalitazama, akalivurumisha kichakani. Mpaka hapo hasira ilikuwa ya Biasha peke yake. Sasa akaona imeenea.

"Kingeni ndoo," alisema. "Maiti hasubirishwi."

Mkosha maiti hasimulii alichokiona nyuma ya pazia, na Biasha hakuwahi kuuvunja mwiko huo. Alilosema ni hili tu: alimkosha Riyama kwa maji matamu, mara tatu kama inavyotakiwa, na mikono akaikosha zaidi ya hapo, mpaka Mwatum akamwambia, "Inatosha, Bi Biasha, imesafika." Adhuhuri ilipoadhiniwa sanda ilikuwa imeshafungwa. Wakamsalia, wakamzika.

Bomba halikufungwa tena. Simai alinunua kufuli jipya, dogo, la mlango wa kibanda, na ufunguo wake akaambiwa ampe Mwatum, naye akampa bila ubishi. Aliuliza tu, kwa sauti ya chini, pampu ikiharibika itakuwaje na mafundi hawapo.

"Ikiharibika tutajua siku hiyo hiyo," Biasha alimjibu, "kwa sababu tutakuwa tunaitumia. Na wewe ndio mwenyekiti. Ile miguu iliyokuwa ikikimbilia mjini kuulizia mgeni sasa itakimbilia fundi."

Siku ya hitma ilipopita, Biasha alikuwa bombani anakinga ndoo yake simu ya Simai ilipolia. Simai alisikiliza, uso ukambadilika, akamnyooshea dadake ile simu kama mtu anayetoa kaa la moto.

"Bi Biasha, shikamoo," ilisema sauti ya Mahfoudh, imejaa furaha. "Habari njema! Mgeni rasmi anakuja Alhamisi. Nimeletewa maneno kuwa kufuli limevunjwa, lakini tusilikuze hilo. Wekeni jingine, fungeni utepe mpya, na maji yasitoke mpaka yeye mwenyewe afungue koki. Tumeelewana?"

"Marahaba, mwanangu. Mradi ushafunguliwa."

"Umefunguliwa? Na nani?"

"Na Riyama."

Kwa mbali zilisikika gari za mjini.

"Samahani, Bi Biasha. Riyama ni nani? Ana wadhifa gani?"

Biasha alifunga koki kwanza, ili amsikie vizuri na yeye asikiwe.

"Nilikwambia juzi ni nani," alisema. "Ukanambia poleni sana."

Alimrudishia Simai simu, akajitwika ndoo, akaenda zake.